Kulia kwa Nani?

Siku ya kwanza kazini nilipewa ngazi niishike, na nyinyi vijana mnaodhani ufundi huanza na nyundo mtanisamehe. Ilikuwa Geita, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika nyumba ya meneja wa mgodi. Aliyenipokea ni Nyapara wa mafundi mbao, mtu wa Tabora, mkali lakini si mchoyo wa maarifa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akitazama miguu yangu isiyo na viatu.

Kazi ilikuwa kupachika mikanda ya urembo pale ukuta unapokutana na dari. Ilikuwa ya jasi iliyotiwa nyuzi za katani ndani, myepesi, lakini ukiiangusha umeiua. Ilikuja minne tu, kwa treni mpaka Shinyanga na kwa lori mpaka mgodini, na chumba kilikuwa na kuta mbili ndefu na mbili fupi. Ili mikanda ikutane vizuri kwenye pembe, kila mwisho hukatwa mshazari. Msumeno huongozwa na kisanduku cha mbao chenye mifereji miwili, mmoja umelalia kulia, mwingine kushoto. Na mkanda hulazwa humo kichwa chini, upande wa dari ukiwa chini kabisa. Hapo ndipo akili yangu ilipopotea, na nadhani sehemu yake haijarudi.

Siku ya pili Nyapara akanipa msumeno, yeye akapanda ngazi. Akasema mwisho wa kwanza nikate mfereji wa kulia, wa pili kushoto. Nikakata hivyo hivyo. Tulipoupandisha, ncha zote mbili zilikuwa zimelala kinyume. Mkanda wa pili ukawa vilevile. Ilipokutana kwenye pembe, ikapeana kisogo. Nikajiambia tatizo ni ile kichwa chini. Nikaugeuza mkanda moyoni mara tatu, chini ukawa juu, juu ukawa sijui wapi. Nilikuwa nimefanya nililoambiwa, neno kwa neno, na halikuwa sawa.

Nyapara hakugomba. Alisema ile miwili tutaipunguza iende kwenye kuta fupi, lakini kuta ndefu zinataka mikanda mizima.

"Ukiharibu wa tatu," akasema, "chumba hakiishi, na lori la kesho litakurudisha kwenu Shinyanga."

Niliogopa sana. Baba alikuwa ameapa kwamba nikirudi mikono mitupu nitachunga ng'ombe wa kaka yangu maisha yangu yote, na kaka alikuwa akingoja kwa hamu.

Kabla ya kukata wa tatu, aliniita tule ugali sahani moja. Siku zote nilikula kando, kwa aibu: vidole vya mkono mmoja viliungua utotoni vikakakamaa, nikazoea kula kwa ule mwingine. Safari hii sikuwa na pa kukimbilia. Nikamega tonge. Nyapara akaacha kutafuna.

"Huo ni mkono gani?"

"Wa kulia, Nyapara."

"Wa kulia?"

"Ndio huu ninaolia chakula."

Kwetu tulisema Kisukuma. Kiswahili nilikiokota njiani kama kuni, na neno hilo nililichukua kama linavyosema lenyewe. Nyapara alicheka mpaka akajifuta macho.

"Kosa ni langu," akasema. "Nimekwambia kulia, sikukuuliza wewe unalia kwa upi."

Alasiri hakusema tena kulia wala kushoto. Alisema mfereji wa mlangoni, mfereji wa dirishani. Nikakata, pembe ikafunga, hata unywele usingepita. Na hakumwambia mtu.

Nilimfuata Shinyanga kwenye nyumba za ofisi, kisha nikawa chini ya Fundi Mkuu wa misheni upande wa Ushirombo, mpaka mimi mwenyewe nikaitwa nyapara. Kote nilisema mlangoni na dirishani, watu wakasifu kwamba hiyo ndiyo lugha ya mafundi. Haikuwa ufundi. Ilikuwa woga.

Nilipostaafu nilijenga nyumba mtaa wa Nyasubi, nikapachika mikanda kwenye dari yangu mwenyewe, ya kwanza maishani. Mke wangu, Mama Kulwa, alisimama chini akikagua. Akasema nisogeze kulia kidogo. Nikaganda juu ya ngazi.

"Kulia kwa nani?"

"Baba Kulwa," akasema, "miaka yote hii mboga nakuwekea upande gani?"

Nikasogeza upande wa mboga, kushoto kwa wengine. Mkanda ukakaa.