Mirihi Ilipopita kwenye Nyota Yangu

Msusi wangu wa Pasiansi, hapa Mwanza, husoma nyota. Alijifunza kwa marehemu mama mkwe wake, mengine akayapata kwenye simu. Mimi ni mwalimu wa jiografia, binti wa mzee wa kanisa la Kilutheri kutoka Muleba, na kwa miaka mingi nilimwacha aongee huku nikisahihisha madaftari mapajani. Kwangu Mirihi ilikuwa sayari ya nne kutoka kwenye jua, yenye vumbi jekundu. Basi.

Jumamosi moja aliniuliza tena tarehe yangu ya kuzaliwa, akahesabu kwa vidole vyenye mafuta ya nywele.

"Mwalimu, nyota yako ni Punda. Sasa Mirihi inapita humo humo, na Zohali nayo imeshaingia. Mirihi inakusukuma useme, Zohali inakukaba. Siku hizi utaumwa koo bila mafua."

Nilicheka, lakini koo kweli lilikuwa linaniuma. Siku tatu kabla, kaka yangu mkubwa alikuwa amenipigia simu kutoka Sengerema. Mama alishafariki, baba alibaki peke yake kijijini na macho yake yamefifia, na kaka zangu wawili walikuwa wameamua: niombe uhamisho nirudi Muleba nikamtunze. "Wewe huna mume," kaka alisema. "Kwako ni rahisi."

Nikamjibu, "Sawa, kaka." Kisha nikakaa kitandani na simu mkononi, nikishangaa ile sawa imetoka wapi.

Nilimsimulia msusi yote hayo. Akaendelea kutenga nywele kwa kitana, halafu akaniuliza taratibu, "Nani alikunyamazisha?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, na jibu halikuhitaji kutafutwa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Wageni wa kanisa walikuwa sebuleni, na baba akawachekesha kwa kuwasimulia jinsi nilivyosinzia machungani hadi mbuzi wakamaliza maharage ya jirani. Aliyesinzia alikuwa kaka yangu wa pili. Nikasema, "Siyo mimi, baba." Maneno hayo tu. Baba akanisimamisha nikitazama ukuta mpaka wageni walipomaliza chai na kuaga. Nilikuwa nasikia vijiko vikigonga vikombe nyuma yangu.

Tangu hapo nilikuwa mtu wa sawa. Nilitamani upimaji ardhi; nilipopelekwa ualimu nilisema sawa. Mchumba alipoahirisha harusi mara ya tatu, nilisema sawa, hadi akaoa kwingine.

Msusi alisimamisha mikono. "Sayari haitakusemea, mwalimu. Inafungua mlango tu. Kupita ni miguu yako."

Kikao cha familia kilikuwa Jumamosi iliyofuata, kwa kaka mkubwa Sengerema, ambako baba alikuwa ameletwa. Zamani foleni ya kivuko pale Kigongo ingenipa saa nzima ya kupanga maneno. Siku hizi kuna daraja. Nilifika Busisi, ng'ambo ya pili, kabla sijamaliza sentensi ya kwanza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda?"

Kaka mkubwa akafungua kikao kwa sala, kisha akaanza kueleza uhamisho wangu kama jambo lililokwisha. Nikasimama. Kwetu watu huongea wamekaa, kwa hiyo wote waligeuka kunitazama.

"Kaka, nilisema sawa, na nilikosea," nilisema. "Sihami. Ualimu sikuuchagua, ila nimeupenda. Baba pia nampenda, na chumba kipo. Akitaka, aje akae kwangu. Lakini muulizeni yeye kwanza, na mimi niulizwe."

"Umeanza lini kuongea hivi?" kaka alifoka.

Baba akainua mkono. "Mwache. Ni kweli, hata mimi hamkuniuliza."

Baada ya chakula nilibaki naye barazani, nikamweleza habari ya ule ukuta. Alisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama.

"Sikumbuki," alisema.

Neno hilo liliniuma. Mzigo nilioubeba miaka thelathini, kwake haukuacha hata alama.

"Sikumbuki," alirudia, "lakini nilikuwa mtu wa namna hiyo. Nilijali wageni watanionaje kuliko nilivyowajali ninyi. Nisamehe, mwanangu." Akautafuta mkono wangu, akaukosa, akapapasa tena mpaka akaupata.

Sijawa mtu wa nyota. Msusi anasema mlango ulifunguliwa na Mirihi, nami sibishani naye, kwa sababu bila swali lake ningekuwa nimeshajaza fomu ya uhamisho. Namshukuru yeye. Namshukuru na Mungu kwamba baba aliishi mpaka nikapata la kumwambia. Wapo wanaoyasema hayo makaburini.

Baba alichagua kuja Pasiansi. Kaka mkubwa alinuna kwa wiki kadhaa, sasa huja kumwona na mkungu wa ndizi, kwa kuwa mzee anadai ndizi za sokoni hapa hazina ladha. Juzi jioni aliniambia nizime redio apumzike.

"Nasikiliza mpira, baba," nikamwambia.

Akanung'unika kidogo. Halafu akavuta kiti karibu, akauliza ni dakika ya ngapi.