Nywila ya Baba Mkwe

Nani alikudanganya kwamba heshima ni kutoangaliana usoni?

Tuntufye aliolewa Ngana miaka sita iliyopita, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukaa chumba kimoja na baba mkwe wake, Mzee Angetile. Ukoo ule bado unashika mila: mkamwana na baba mkwe hukwepana, mmoja akitokea njiani mwingine anaingia migombani. Haikuwa taabu, mpaka mzee alipochaguliwa mwenyekiti wa ushirika wa kakao, na Tuntufye, mwenye stashahada ya kompyuta, akapewa kutunza tovuti. Katikati akawekwa Andrea, katibu, abebe maneno.

Wiki hiyo mwenyekiti alirudi kutoka semina Mbeya na jambo moja kichwani: kufuli. Tovuti ya maana, alifundishwa, ina alama ya kufuli. Ya ushirika ilikuwa nayo tayari, ila nani amuulize mkamwana? Akaleta fundi wake, seva ikaamriwa imkatae yeyote asiyekuja kwa njia salama. Kisha akabadilisha nywila ya seva na kuiandika nyuma ya kadi yake ya kanisa.

Jumatano asubuhi tovuti ikagoma. "Ukurasa umekuelekeza mara nyingi mno," ndiyo kauli pekee iliyotoa. Na saa kumi jioni orodha ya mnada ilikuwa inafungwa. Asiyejiandikisha mtandaoni angebaki na magunia yake, na kwa mvua zile yangeota ukungu. Wanawake arobaini wa Ngana walikuwa bado.

Tuntufye aliujua ugonjwa mara moja. Mbele ya seva kulikuwa na huduma ya ulinzi iliyompokea mgeni kwa njia salama, kisha ikapeleka ombi lake ndani kwa njia ya kawaida. Seva iliona hiyo ya kawaida tu, ikamrudisha mgeni nje aje kwa njia salama. Akaja hivyo hivyo, akarudishwa tena, bila mwisho. Dawa ilikuwa mistari miwili: seva isome taarifa ya huduma ile, inayosema mgeni alikujaje.

Andrea alipanda ngazi za ofisi ya mwenyekiti na maelezo marefu ya Tuntufye, akafika juu na mafupi: mkweo anataka kufuli litolewe. Mzee akafoka kwamba hawezi kuwavua nguo wanachama. Andrea akashuka na jibu, akapanda tena, akashuka tena. Saa nane Tuntufye alipanda mwenyewe.

Mzee alipomwona aliruka kitini, akageukia ukuta, koti kichwani.

"Baba, kufuli linabaki," Tuntufye alisema, macho kwenye kompyuta. "Nataka nywila tu."

"Andrea, mwambie huyu..."

"Andrea atazipunguza herufi, baba. Nisomee."

Mzee akausomea ukuta herufi kumi na mbili, moja moja. Mistari miwili ikaandikwa. Ukurasa ukafunguka, ukatulia.

"Lipo?" koti liliuliza.

"Lipo, baba."

Kufika saa kumi wanawake wote arobaini walikuwa kwenye orodha.

Kesho yake asubuhi, Tuntufye akiwa ghalani magunia ya Ngana yakipakiwa, alimwona mzee anavuka barabara, uso kaugeuzia mashamba ya mpunga, mkono wenye simu kaunyoosha upande wa Tuntufye. Andrea akakimbia kuipokea. Mzee akampiga kiwiko, akaendelea kuja.