Dawa ya Tumbaku Kwenye Nyanya

Nimefanya kazi nyingi tangu niache shule darasa la sita, na nyingi nimeshazisahau. Ile ya kitalu nyumba cha kule Msamala sijaisahau, kwa sababu hasira yake haijaniisha.

Kilikuwa banda refu la nailoni, ndani nyanya. Mwenyewe alikuwa mkulima wa tumbaku kutoka Lusewa. Inzi weupe walipovamia nyanya, alinunua dawa dukani, hawakufa. Akaongeza ya pili kwenye bomba lilelile la kupulizia. Wakapungua, wakarudi. Ndipo alipotoa chupa ya dawa iliyobaki kwenye tumbaku yake, akaimimina humohumo.

Nilimuuliza kama dawa hizo zinapatana, na kama ya tumbaku inafaa kwa kitu cha kuliwa. Alicheka. Alisema kwao dawa isiyonuka ni maji ya kunawia. Jioni akapulizia mwenyewe, kisha akashusha nailoni pande zote ili dawa isitoke. Shambani kwake kwenye tumbaku upepo hupita. Mle ndani ungepitia wapi?

Asubuhi akatuambia tuwahi kuchuma, mteja anakuja. Mwenzangu, mama mmoja wa Bombambili niliyemwita dada, alitangulia kuingia. Mimi nilikuwa nafuata matenga. Niliporudi nilimkuta amepiga magoti mlangoni, machozi na mate yanamtiririka, anatafuta pumzi.

Mwenye kitalu alikuja na kikombe. "Mpe maziwa atulie. Akipata nafuu amalizie mstari wake."

Nilikisukuma kikombe kando. Nilimnawisha dada mikono na uso kwa sabuni, nikasimamisha bodaboda, tukambana katikati mimi na dereva. Hospitali nesi aliuliza amevuta dawa gani. Niliyokuwa nimeibeba ni chupa moja tu, ile ya dawa ya tumbaku. Zile mbili nyingine sikuzijua majina, na hizo tatu pamoja zimekuwa kitu gani, nesi naye hakujua. Tulikaa tukimtazama anavyohema.

Alipona. Wiki iliyofuata nikamkuta kitaluni anachuma, nailoni zimeshushwa, harufu ileile. Nikamgombeza kama mdogo wangu. Hakuacha kuchuma.

"Kaka, wewe ukikasirika unahama. Mimi nikikasirika, watoto niwahamishie wapi?"

Nilitoka nje. Nilichukua kisu cha kupogolea, nikaichana ile nailoni ya ubavuni, kona hadi kona. Mwenye kitalu alikuja mbio akiniita mwendawazimu, akauliza nitailipaje. Nikamwambia aingie akae humo ndani kama alivyokaa mwenzangu, akitoka tuzungumze malipo. Hakuingia. Alibaki ameshika kipande cha nailoni kinachopepea.

Nilifukuzwa palepale, na sikudai chochote. Nilipogeuka kuangalia, dada alikuwa ameacha mstari wake wa katikati, amehamia upande uliochanika, anachumia pale penye upepo.