Nyanya za Mama Mkwe

Mtaani walimwita Bi Sindano, kwa sababu alikuwa fundi cherehani, mwembamba, na ulimi wake ulichoma. Nguo iliyotoka mikononi mwake ilinyooka kuanzia bega hadi pindo. Lakini asubuhi ile ya Jumamosi alisimama nyuma ya nyumba yake akiwa na beseni mkononi, ameduwaa mbele ya nyanya alizozipanda mwenyewe.

Yalikuwa ya kujitakia. Marehemu mama mkwe wake alimwachia kifuko cha mbegu za nyanya, akamwagiza, "Hizi zisije zikafia mkononi mwako, mwanangu." Msimu huu Bi Sindano aliona mbegu zimeanza kuzeeka, akazisia zote bila kubakiza akiba. Kando yake alisia aina nyingine: zile ndogo za vishada, zile ndefu zenye umbo la yai, za duara kutoka duka la pembejeo, na nyingine kubwa alizopewa na jirani aliyekwisha kuhama. Mtu mwingine angechomeka vibao. Yeye alifanya kama afanyavyo kwa nguo za wateja: kila mche aliuzungushia uzi wa rangi yake. Mwekundu kwa nyanya za mama mkwe, wa bluu kwa za dukani, wa kijani kwa za jirani. Aliitazama bustani yake akaridhika nayo.

Jua halikuridhika. Miche ilipofika kiunoni, nyuzi zote zilikuwa zimepauka, zimekuwa nyeupe kama pamba.

Hakutishika mapema. Alijiambia kwamba mbivu na mbichi zitajulikana zenyewe, akaendelea kuiegemeza miche kwenye miti, kuondoa vichipukizi vilivyoota kwapani mwa matawi na kumwagilia shinani bila kulowesha majani. Nyanya za vishada zilijitambulisha, na za umbo la yai pia. Zilizobaki, zote kubwa, ndizo zilizomvuruga akili. Ziliiva kwa namna tatu: nyekundu nyororo, ya waridi yenye matuta kama boga, na ya rangi ya chungwa, ambayo mabega yake yaligoma kuacha ukijani. Moja ilikuwa ya mama mkwe. Ipi? Yeye aliolewa wakati bibi yule alikuwa amekwisha kuacha kulima, na alichowahi kukiona ni mbegu tu.

Na wifi yake, muuguzi, alikuwa njiani. Alikuwa amejenga, amepata uwanja, na alikuja kuchukua mbegu za mama yake. Bi Sindano alijiona tayari akitajwa katika kila kikao cha familia: yule mke aliyeipoteza mbegu ya mama.

Alichuma za kila namna, akamfuata mumewe, aliyekuwa akisugua brashi zake za rangi kwa mafuta ya taa.

"Baba watoto, nyanya za mama zilikuwa rangi gani?"

"Nyekundu."

"Nyekundu ya namna gani?"

"Mke wangu, mimi ni fundi rangi. Nikisema nyekundu, ni nyekundu." Akachungulia ndani ya beseni. "Ila ilikuwa inaelekea chungwa. Ukiitazama kwa pembeni."

"Kwa pembeni!"

"Sasa si umeniuliza?"

Wifi aliingia kwa kelele, akauweka mkoba mezani, akataka mbegu kabla ya kuketi. Bi Sindano hakuona njia ya kukwepa. Alieleza yote, uzi kwa uzi, akitazama sakafu.

"Wifi!" alisema muuguzi. "Yaani mbegu za mama umezifunga kama vifungo vya shati?"

"Nisamehe, wifi yangu. Nilidhani nimeweka alama ya kudumu."

"Haya, lete kisu. Nyanya hizo zimenikuza. Nikionja tu, nitaijua."

Nyanya tatu zilikatwa. Muuguzi alionja ile ya waridi, akafumba macho. "Ndiyo hii. Tamu, ina maji mengi. Mama mtupu!"

"Mama alikuwa na nyanya chachu," mume wa Bi Sindano alidakia, mdomo umejaa ile ya chungwa. "Umesahau tulivyokuwa tunakunja nyuso?"

"Wewe ulikuwa unakunja uso hata ukila asali, kaka."

"Na wewe ulikuwa mdogo, unalishwa kwa kijiko. Ungejua nini?"

Bi Sindano alimtazama huyu, akamtazama yule. Alikuwa amejiandaa kulaumiwa, hakuwa amejiandaa kwa hili. Kumbe hata wale waliokula nyanya hizo tangu utotoni hawakuwa na hakika! Badala ya kupata nafuu, alizidi kupotea. Kama hawa hawajui, ni nani aliyebaki wa kuulizwa?

"Wifi, chukua zote tatu," alijaribu. "Mbegu hazina uzito."

"Nikapande nyanya ya dukani, niiite ya mama yangu? Hapana. Yangu hii."

"Basi mimi niwekee hii ya chungwa," mumewe alisema, "tusije tukapoteza ya kweli kwa sababu ya ubishi wa mtu."

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Muuguzi aliondoka na nyanya za waridi kwenye mkoba, akiwa amefundishwa jinsi ya kukamua mbegu, kuziacha ndani ya maji mpaka ule utelezi uachie, kisha kuzisuuza na kuzianika kivulini. Aliaga kwa furaha, bila hata chembe ya kinyongo, na furaha hiyo nayo ilimchanganya Bi Sindano.

Alirudi jikoni. Alikamua mbegu za ile ya chungwa katika glasi ya mumewe. Kisha akaichukua ile nyekundu, ambayo hakuna aliyeitetea. Aligeuza jambo hilo kichwani kama anayetafuta upande wa juu wa kitambaa: ikiwa ndugu wote wawili wamekosea, basi ni hii. Akaikamua katika glasi nyingine.

Mumewe alimkuta akimimina maji.

"Hiyo unaihifadhi ya nini? Hiyo ni ya dukani."

"Umejuaje?"

Aliinua glasi kwenye mwanga wa dirisha na kuitazama kwa pembeni.

"Sijui," alisema. "Ila usiimwage."