Majivu ya Mlangoni

Majivu yakinyunyiziwa maji hutoa harufu kavu, chungu kidogo. Hadi leo nikiisikia, natazama mlango kwanza.

Nilikuwa na miaka saba, kwetu Nakwa, miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni mpaka unasahau umefuata nini. Mchana mmoja mgambo walivunja mlango wakitafuta sabuni iliyofichwa kwa ulanguzi. Wakaikuta, katoni mbili chini ya kitanda changu, wakaondoka na Baba. Tangu hapo nikawa nasikia buti zikizunguka nyumba, saa nane mchana, jua likiwaka, kuku wamenyamaza. Mama alisema ni upepo. Upepo gani unaovaa buti? Nikagoma kuingia ndani. Nilishinda bandani na mbuzi, nikikiogopa hata kitanda changu.

Ndipo Bibi akashuka kutoka Mbulu. Yeye hakusema ni upepo. Alilowesha majivu ya jikoni, akayatandaza kuanzia mlangoni mpaka kwenye kona ya nyumba. "Anayetembea bila kukanyaga chini hajazaliwa," alisema. "Tutamsoma."

Kila mchana alikaa mlangoni kwenye kigoda, mimi kizingitini nyuma yake, nimefumba macho na kushika shuka lake. Buti zilikuja, zikazunguka, zikasimama. Nilihesabu pumzi za Bibi. Zikishaondoka, alitoka kidogo, kisha akaniita, "Paulina, njoo usome."

Nilisoma kuku. Nilisoma mbwa wa jirani. Kwingine kote ilikuwa miguu mitupu ya Bibi, mipana, imerundikana. Nilimtania kwamba anahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Uzee huo, mama," alijibu. Buti hazikuwamo. Basi nikasogea, kutoka kizingitini hadi mafigani, kutoka mafigani hadi kitandani. Baba aliporudi baada ya mavuno, alinikuta nakoroma.

Siku tuliyomzika Bibi niliwasimulia wafiwa kisa hicho, wakacheka. Mama hakucheka. Alinivuta pembeni.

"Walikuwa wanakuja kweli, mwanangu. Mgambo wawili, wanatafuta sabuni nyingine. Bibi yako aliwatazama tu mpaka wakaondoka. Halafu akainuka kukanyaga nyayo zao."

Kumbe masikio yangu yalikuwa mazima, na nyumba niliyojifunza kulala ndani yake ilikuwa bado inazungukwa. Alinidanganya, nami nikapona.

Juzi binti yangu aliniambia anasikia mtu nje. Sikumwambia ni upepo. Nilikwenda kuchota majivu, na kabla sijamwita aje kusoma, nilivua viatu.