Foleni Isiyo na Maneno

Kabla hajawa mchora mabango ya maduka, dada huyu alikuwa mchora katuni. Magazeti yalimzungusha mpaka akachoka, akaamua kuchora mtandaoni, bure kwa kila mwenye simu. Yeye alichora, kaka yake akaandika maneno. Katuni yao waliiita Foleni. Ilihusu watu waliopanga mstari mbele ya dirisha la ofisi ambalo halikufunguliwa hata siku moja. Watu waliipenda, wakasema wanajiona mle. Baadaye kaka alipandishwa cheo kwenye ofisi ya bima, yeye akapata watoto na mabango, na Foleni ikabaki palepale ilipoishia kama gari lililoishiwa mafuta.

Miaka ikapita. Kampuni iliyobeba tovuti yao ikawaarifu kwamba inafunga shughuli, kila mtu ahamishe vitu vyake. Mchoraji hakujua namna ya kuhamisha, na nakala nyingine hakuwa nayo. Kompyuta yenye michoro ya asili ilikuwa imekufa zamani, na fundi aliyeahidi kuifufua alimpiga chenga mpaka akahama mtaa.

Aliyejitokeza ni mpima damu wa hospitali, shabiki ambaye wenzake walimwita Kisanduku kwa sababu hakutupa kitu. Alimpigia mchoraji simu, naye mchoraji yuko juu ya ngazi, brashi mkononi.

"Dada, sisi mashabiki Foleni yote tunayo," alisema. "Tumeinakili tangu ukurasa wa kwanza. Tunataka kuiweka wazi watu waendelee kusoma, bila kuuza. Ila hatutaki kuiba. Tupeni ruhusa ya maandishi, wewe na kaka yako."

Mchoraji akashuka kwenye ngazi ili asianguke kwa furaha. Siku hiyohiyo alitia sahihi yake na kupeleka karatasi kwa kaka.

Kaka aliipokea vizuri, akaisoma, akavua miwani.

"Nitasaini," alisema. "Ila kwanza nirekebishe."

"Urekebishe nini, kaka?"

"Maneno. Nilikuwa kijana, mdogo wangu. Mle kuna utani wa kitoto. Wateja wangu wa bima wakiuona watasemaje?"

Mchoraji alidhani ni kazi ya siku mbili tatu. Kumbe kaka alikuwa ameyavalia njuga. Yule mzee wa mstarini aliyekuwa akisema, "Nikifa, mniwekee nafasi," sasa alisema, "Naomba utaratibu uzingatiwe." Kila mchoraji alipopita kuuliza, alimkuta kaka mezani anafuta na kuandika, na wifi yake anamfungulia mlango kwa uso wa mtu aliyekwisha kuchoshwa.

"Wifi, usiniulize mimi," alisema mke wa kaka. "Jana ameniamsha nichague kati ya 'subiri' na 'vuta subira'."

Kisanduku naye alipoonyeshwa maneno mapya alikataa katakata. "Dada, hiyo siyo Foleni. Sisi tunahifadhi ile iliyokuwepo. Akitaka mpya, atunge mpya."

Basi mchoraji akawa mpira, huyu anampiga kwa yule, yule anamrudisha. Akimbembeleza kaka, anaambiwa hathamini kazi ya fasihi. Akimbembeleza Kisanduku, anaambiwa, kwa adabu zote, kwamba bila sahihi mbili hawaweki kitu. Nyumbani aliwapandishia sauti watoto wasio na kosa. Aliandika 'DUKA LA DAW' kwenye bango la mteja na kulikabidhi hivyohivyo, akaitwa kurudia. Na wakati wote huo tovuti ilikuwa inahesabiwa siku, mpaka asubuhi moja alipoifungua akakuta ukurasa mweupe.

Alikaa chini penye rangi zake. Hakulia, alichemka. Kisha akampigia Kisanduku.

"Michoro ni ya nani?"

"Yako, dada."

"Kwa hiyo siwezi kuwapa ruhusa ya michoro peke yake?"

"Unaweza. Lakini maneno itabidi tuyafute."

"Yafuteni."

Ndivyo Foleni ilivyorudi mtandaoni: mstari uleule, dirisha lilelile, na juu ya kila kichwa kiputo cheupe kisicho na neno. Mashabiki walicheka, halafu wakaanza kujaza wenyewe chini ya kila ukurasa kwa kukumbuka. Walikumbuka vibaya. Yule mzee alitiwa maneno ya mama muuza vitumbua wa mstarini, na mama yule akatiwa matusi ambayo hakuna aliyewahi kuyaandika.

Kaka aliingia kwenye karakana ya mchoraji bila kugonga, simu mkononi.

"Umeona wanayoniandikia? Huyu mzee hakusema hivi. Alisema, 'Nikifa, mniwekee nafasi!' Hata wakati wa kutupa utani hawaujui."

"Wewe si ulisema ni utani wa kitoto?"

"Wa kitoto, lakini ulikuwa umekaa sawa."

"Karatasi iko pale, kaka. Kando ya kopo la kijani."

Alisaini amesimama, mkono wake ukaingia kwenye rangi mbichi, akaondoka na kidole cha kijani. Kabla ya kuondoka alidai sharti moja: chini ya kila ukurasa awekewe maelezo yake, aeleze alikuwa na umri gani na alikusudia nini. Kisanduku alikubali, kwa kuwa maelezo hayakugusa katuni yenyewe.

Maneno yakarudi vinywani mwa wenyewe. Wasomaji walimiminika na kumsifu mwandishi kwa ulimi wake. Mchoraji alisoma pongezi zile zote akitafuta mtu mmoja aliyetaja mkono uliochora, akampata mmoja, aliyeuliza kwa nini kwenye kurasa za mwanzo watu wote wana vidole vinne.

Wiki iliyofuata kaka alimpigia.

"Mdogo wangu, nimewaza. Tuianze tena Foleni. Nina mawazo tele."

"Nina bango la kinyozi, kaka," alisema, akakata simu, akapanda ngazi.