Kazi ya Kugomea

Vita vilipokata mto, na meli za Kinshasa zikaacha kupanda hadi kwetu Kisangani, bandari ilinyamaza. Wapagazi walibaki kukaa ukutani wakicheza dama kwa vifuniko vya chupa. Mimi nilikuwa nauza samaki wa moshi karibu na lango, na nawaambieni, inachosha macho kuona wanaume wenye mabega yale wakigombania vifuniko vya bia.

Nyumbani tulikuwa na shida nyingine. Marehemu papa, baba yangu, ndiye aliyeanzisha chama cha wafanyakazi pale bandarini, sendika kama tunavyosema, zamani za Wabelgiji. Hakuanza kwa hotuba. Asubuhi moja, saa nne, alitua gunia lake, akalikalia, akasema hasimami mpaka wapagazi wapewe saa moja ya kupumzika. Wakamfunga, wakamchapa, lakini saa ikapatikana. Tangu alipokufa, kila mwaka siku ya kifo chake, bandari nzima ilitua mizigo saa nne na kukaa kimya saa nzima. Aliyeifunga saa hiyo alikuwa mama, kutoka uani kwetu mbele ya bandari. Alipiga sufuria kwa mwiko na kuwapazia wapagazi sauti: "Ba papa, rudieni kazi!" Basi kelele zinaanza upya.

Mwaka ule mama alikuwa haoni tena. Alibaki na masikio tu. Siku yenyewe ilipofika akakataa hata chai.

"Mama, bandari iko kimya siku zote," nikamwambia. "Unataka nini zaidi?"

"Ile kimya haiko ya papa yako, iko ya vita. Yake, kwanza kuko makelele, kisha yanakatika. Nikikufa mbele ya vita kuisha, sitaisikia tena."

Akalia. Mama yangu si mtu wa kulialia. Hasira zikanipanda, nikaenda moja kwa moja langoni.

"Nyinyi! Munajua leo iko siku gani?"

"Tunajua, dada," alijibu kapita wao, msimamizi, jitu la mtu. "Lakini tutagoma namna gani? Hatuna kazi."

"Basi mutafute kazi, mugome!"

Wakacheka mpaka vifuniko vikamwagika. Kapita hakucheka. Alikuwa ameshasimama.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na kwetu, palikuwa na depo ya mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo. Chumvi yake ilikuja kwa ndege, naye aliilinda kuliko bibi yake.

"Patron, tunaomba kubeba magunia yako," kapita akamwambia, mimi nikiwa nyuma yake.

"Kupeleka wapi?"

"Inje. Kisha tunayarudisha."

"Bei gani?"

"Bure."

Hapo mzee wa watu akaogopa. Nimeona watu wakiwaogopa askari wa kambi ya Kapalata, lakini mtu kuogopa neno bure namna ile, sijaona. Nikamwambia chumvi ikipata hewa haigandi, ndipo akafungua depo. Nilidanganya, na leo ningedanganya tena.

Weee, kelele zilizopigwa! Waliimba, walitukanana, "Ongeza mwendo, mvivu wewe!", magunia yakatoka mbio. Mama alikaa kwenye kiti chake, shingo imeinama upande, anameza kila sauti. Saa nne kapita akatua gunia. Wote wakatua, wakayakalia. Kimya.

"Alors, kuko nini?" patron akauliza.

"Grève, patron, tunagoma. Saa moja tu."

"Grève? Kazi yenyewe munatoka kuianza!"

Wakati huohuo wingu jeusi likatokea juu ya mto. "Mvua! Chumvi yangu!" Patron akashika gunia la kapita, akavuta, kapita akiwa juu yake. Halikusogea.

"Nani ule anaongea?" mama akauliza kwa ukali. "Anaharibia bwana yangu kimya."

Patron akamkimbilia, akainama. Walisali kanisa moja. "Mama, tafazali, mufupishe kidogo."

"Bwana yangu alifungwa juu ya hii saa. Kaa chini."

Akakaa. Alivua koti lake, akalifunikia gunia moja, akabaki anatazama mbingu huku midomo ikicheza na rozari. Nilijaza kitenge mdomoni nisicheke.

Saa ikaisha, matone ya kwanza yakaanguka. Mama akapiga sufuria: "Ba papa, rudieni kazi!"

Nilingoja wakimbie na magunia. Hakuna aliyeinuka. Kapita alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili, analia. Jirani yake vilevile. Tangu meli ya mwisho iondoke, hakuna mtu aliyewahi kuwaambia maneno hayo.

Mama akageuza kichwa, anatafuta mlio wa miguu. "Hawakusikia?"

"Tumesikia, mama," kapita akasema. "Sema tena."